Baiskeli ya Mlima ya Mtumba: Jinsi ya Kuichagua na Kuifufua

Kila boom likiingia kuna mwenzetu anapanda daladala kwenda mjini na kurudi anasukuma baiskeli ya mtumba. Siku ya kwanza tunamzunguka, tunabonyeza siti, tunamsifia. Wiki mbili baadaye ile baiskeli imeegemea ukuta wa hosteli, tairi limekaa chini, cheni imekuwa nyekundu kwa kutu. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia, "Ilikuwa mbovu."

Kiukweli nyingi kati ya hizo si mbovu. Zimekosa mtu wa kuzielewa. Mwaka huu na mimi niliingia kwenye mkumbo huo: nilinunua baiskeli ya mlima iliyotengenezwa Japani kabla sijazaliwa, nikaifungua yote, nikaharibu vitu viwili vitatu, nikairudisha barabarani. Niliihitaji kwa ajili ya BTP, maana shule niliyopangiwa ilikuwa mbali na chumba changu na magari ya asubuhi yanajaa. Naandika ili atakayefuata asirudie makosa yangu.

Kwa nini ya zamani, na kwa nini ya mlima?

Historia kidogo, kwa sababu inasaidia kuelewa chombo chenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, huko Marin County, California, vijana walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye matairi manene, wanazitengeneza na kuteremka nazo milima kwa kasi. Mteremko mmoja waliuita Repack, na mashindano rasmi pale yalianza mwaka 1976. Jina lilitokana na kwamba breki za zile baiskeli zilikuwa ndani ya habu ya nyuma. Mpaka ufike chini grisi yote imeungua, hivyo unalazimika kufungua na kujaza grisi upya. Baadaye watu kama Joe Breeze, Tom Ritchey, Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kutengeneza na kuuza baiskeli zilizobuniwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa wingi, na kuanzia hapo baiskeli ya mlima ikasambaa duniani.

Kwa hiyo baiskeli ya mlima yenyewe ilizaliwa kwa kufufua vyuma chakavu. Ukikaa chini ya mwembe na spana mkononi, unafanya kile kile walichofanya walioianzisha.

Za miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa 1990 zina faida tatu kwetu. Kwanza, fremu zake nyingi ni za chuma, na chuma kikipinda kidogo kinanyooshwa, kikikatika fundi anaweza kukichomelea. Pili, nyingi hazina springi mbele, yaani foki ni chuma kitupu, hakuna cha kuvuja wala kulegea. Zile mpya za bei rahisi zenye springi mbele na nyuma zinavutia macho, lakini springi hizo zinaongeza uzito na zikichoka huna pa kuzipeleka. Tatu, vipuri vingi vya zamani vinafunguka kwa spana za kawaida.

Kukagua kabla ya kutoa hela

Baiskeli hizi zinakuja kwenye makontena kutoka Japani na Ulaya. Muuzaji anakuwa ameshaipangusa na kuipaka mafuta tairi ling'ae. Usiangalie kinachong'aa. Nenda na vitu vitatu: sumaku ndogo (ya spika mbovu inatosha), uzi mrefu, na tepu ya fundi cherehani.

Fremu ndiyo ya kwanza. Pitisha kidole chini ya bomba linalotoka kwenye usukani kuja kwenye pedali, karibu na usukani. Ukihisi mikunjo, kama ngozi iliyosinyaa, au rangi imepasuka kwa mstari, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache. Halafu simama pembeni uangalie foki: isiwe imerudi nyuma. Kisha funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande mmoja, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani, uurudishe upande wa pili. Pima umbali kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana sana, muuzaji akuambie anachotaka, wewe ondoka.

Sumaku inakuonyesha ni madini gani. Ikinasa kwenye fremu, ni chuma. Kwenye rimu unataka isinase, yaani rimu iwe ya alumini. Rimu ya chuma ikilowa mvua breki hazishiki vizuri, na wote tunaijua masika ya huku.

Mwisho, jaribu kupandisha na kushusha siti. Nguzo ya siti ikiwa imeganda ndani ya fremu, punguza bei au ondoka. Ya kwangu ilikuwa imeganda, mi sikujaribu. Ilinichukua siku nne za kumwagia mafuta ya kulainisha kutu na kusubiri, asubuhi na jioni, ndipo ikatoka.

Vingine vyote, cheni, nyaya, raba za breki, matairi, siti, hata kama vimekwisha visikutie hofu. Vinabadilishika. Kinachokufa na baiskeli ni fremu.

Kama unataka kujua umri wa baiskeli yako, angalia vipuri vya Shimano, mara nyingi kwa nyuma au ndani, utaona herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka: A ni 1976, B ni 1977, unahesabu hivyo hivyo. Ya pili ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari. Kwangu nilikuta OD. Nikahesabu kwa vidole: Aprili 1990. Nilikaa kimya kidogo. Chuma hiki kimenizidi umri, na mimi nilitaka kukitupia lawama kwa kutu.

Kosa langu la kwanza: inchi 26 si inchi 26

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Tairi langu lilikuwa limepasuka. Nikaenda dukani nikasema, "Naomba tairi la 26." Nikapewa, nikalipa shilingi 12,000. Kufika hosteli, halivai kabisa. Lilipwaya, kila nikilipachika linachomoka kwenye rimu.

Shida ni kwamba kuna matairi ya aina zaidi ya moja yanayoitwa 26. La baiskeli ya mlima ya zamani linaandikwa kwa nukta, kwa mfano 26 x 1.95, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa. Lile linaloandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, ambalo liko kwenye baiskeli nyingi za mjini za Kijapani zenye kikapu, ni la milimita 590. Tofauti ni sentimita tatu na ushee, hata ungekuwa na nguvu za Samsoni litapwaya tu na kuchomoka. Zile Phoenix ndefu za babu zetu ndiyo kabisa, ni 28 x 1 1/2, milimita 635.

Kwa hiyo usiombe "26". Geuza tairi la zamani, tafuta pembeni namba zilizoandikwa kama 50-559. Namba ya mwisho ndiyo lazima ilingane. Ile ya kwanza ni unene, inaweza kubadilika kidogo.

Kosa la pili: kukaza nikidhani nafungua

Kazi kubwa ya kufufua baiskeli ni kufungua kila kinachozunguka, kukisafisha, na kukiwekea grisi mpya. Sehemu ni nne: habu ya mbele, habu ya nyuma, usukani, na ekseli ya krenki pale chini. Ndani ya kila moja kuna gololi zinazozunguka kati ya kikombe na koni. Grisi ya mwaka 1990 inakuwa imekauka kama nta.

Nilianza na habu, zikaenda vizuri. Nilipofika kwenye ekseli ya krenki nikafungua kikombe cha kushoto, kikatoka. Cha kulia kikagoma. Nikaweka mafuta. Kikagoma. Nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu zaidi (si tumefundishwa mkono wa nguvu ukirefuka nguvu inayohitajika inapungua?), nikavuta kwa uzito wote. Spana ikachomoka, ngozi ya vidole vitatu ikabaki kwenye meno ya krenki, na kona za kikombe zikaanza kulika. Ilikuwa Alhamisi jioni. Jumatatu naanza BTP, boom limeisha, na baiskeli iko vipande vipande kwenye gazeti.

Nikaibeba fremu begani hadi kwa mzee anayetengeneza baiskeli nje ya geti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Umeumia?"

"Kidogo tu mzee. Hiki kikombe kimeganda, nimevuta mpaka basi."

Akainama, akakitazama, akaniuliza, "Ulikuwa unazungushia wapi?"

Nikamwonyesha, kushoto, kama unavyofungua mfuniko wa soda ya chupa.

"Sasa mwalimu, hapo ulikuwa unakaza."

Akaweka spana yake, akaipiga nyundo mara mbili kuelekea kulia, kikombe kikaachia. Kazi haikufika dakika tano. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Somo lenyewe ni hili, liandike ukutani. Kwenye baiskeli za Kijapani na za Kiingereza, kikombe cha kulia cha ekseli ya krenki kina nyuzi za kinyume. Kinafunguka kwa kuzungusha kulia, upande wa akrabu za saa. Pedali ya kushoto nayo ni ya kinyume vile vile. Pedali ya kulia na kikombe cha kushoto ni za kawaida. Sababu ipo: zingekuwa za kawaida zote, mzunguko wa miguu yako ungezilegeza kidogo kidogo mpaka zidondoke njiani. Aliyebuni alikuwa na akili. Mimi ndiye niliyekuwa sijauliza.

Mpangilio wa kazi

Baada ya hapo niliendelea polepole, kwa utaratibu ambao mzee alinisahihisha:

1. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua kitu. Waya umepita wapi, washa ipi imekaa nje, ipi ndani. Usiamini kichwa chako.

2. Hesabu gololi kabla hazijamwagika. Kwa kawaida habu ya mbele ina 10 kila upande za inchi 3/16, ya nyuma ina 9 kila upande za inchi 1/4, na ekseli ya krenki 11 kila upande za inchi 1/4. Badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

3. Safisha vikombe na koni kwa mafuta ya taa na kitambaa, kauka kabisa. Pitisha ncha ya peni pale gololi zinapopita. Ikikwama kwenye shimo, koni imeliwa, tafuta nyingine.

4. Weka grisi ya kutosha, panga gololi, rudisha. Kaza mpaka gurudumu lisicheze ukilitikisa, lakini liendelee kuzunguka laini. Hapa hakuna namba, ni kuhisi kwa vidole. Nilirudia mara sita.

5. Pima cheni kwa tepu, upande wa inchi. Tafuta pini moja, hesabu pingili 24. Cheni mpya inapiga inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/16, badilisha. Ikifika 12 na 1/8, imeshakula meno ya friwili, hivyo vibadilishwe vyote viwili, la sivyo cheni mpya itakuwa inaruka ukikanyaga kwa nguvu. Ya kwangu ilikuwa imepita hapo.

6. Nyaya za breki na gia, badilisha zote. Usibane matumizi hapo, maana breki ndiyo roho yako. Raba za breki zigonge rimu katikati: zikipanda juu zinakata tairi, zikishuka zinaingia kwenye spoki.

7. Kutu ya juu juu kwenye usukani na rimu zinazong'aa, sugua kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula iliyochovywa maji. Inatoka, na haikwangui kama msasa. Bolti ndogo zilaze kwenye siki usiku mmoja, asubuhi suuza, kausha, paka mafuta.

8. Rangi iache. Wengi wanaanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mi nilifuta tu na kupaka mafuta palipochubuka.

Kitu kimoja kizuri cha baiskeli za umri huu ni vile vijiti vya gia vinavyokaa juu ya usukani. Vingi vina swichi ndogo: upande mmoja gia inaingia kwa kubofya, upande mwingine unasukuma kwa kuhisi. Friwili mpya niliyopata haikuendana vizuri na mibofyo, nikahamisha swichi, maisha yakaendelea.

Hesabu ya hela, bila kuficha

Baiskeli 120,000. Tairi lisilovaa 12,000. Matairi mawili sahihi 30,000. Tyubu mbili 8,000. Cheni 8,000. Friwili 12,000. Nyaya na makoti yake 8,000. Raba za breki 6,000. Gololi na grisi 7,000. Mzee 10,000, ingawa hakutaja bei. Jumla shilingi 221,000.

Nauli ya kwenda na kurudi shuleni ingenila 2,000 kwa siku. Kwa siku 40 za BTP ni 80,000. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba baiskeli ilijilipa muhula huo huo. Haikujilipa. Itajilipa mwaka ujao ikiendelea kutembea, na itaendelea kwa sababu sasa najua kuifungua. Kuhusu kujiagizia mwenyewe baiskeli moja kutoka nje, piga hesabu kwanza: usafirishaji wa kitu kikubwa namna hiyo unaweza kuizidi bei ya baiskeli yenyewe. Kontena linakuwa na nafuu kwa kuwa mzigo ni mwingi na gharama inagawanyika.

Kikombe cha kulia darasani

Nilifika BTP na baiskeli yangu, siku ya tatu. Siku mbili za kwanza nilipanda daladala.

Nilipewa Fizikia Kidato cha Pili, mada ya mashine rahisi. Kulikuwa na kijana wa dawati la nyuma, nikimuuliza anasimama, anatazama chini, hajibu. Nikarudia swali. Nikarudia kwa sauti zaidi. Nikamwambia asimame mpaka ajibu. Alisimama kipindi kizima. Nilitoka nikiwaambia walimu wenzangu kwamba yule mtoto ni mgumu.

Wiki iliyofuata nikaingiza baiskeli darasani, nikaigeuza miguu juu. Mbele sahani kubwa ina meno 48, ndogo 28. Nyuma meno madogo 14, makubwa 28. Nikawapa kamba wapime mzunguko wa tairi, wakapata mita 2.05. Nikawauliza, kwa Kiswahili, nikijua fika kwamba somo ni la Kiingereza: nikikanyaga mzunguko mmoja, nakwenda umbali gani?

Yule kijana wa nyuma ndiye aliyeanza. "Mwalimu, ukiweka 28 kwa 28, tairi linazunguka mara moja tu. Mita mbili na kidogo. Ukiweka 48 kwa 14 ni kama mara tatu na nusu, unapata mita saba, ila mlimani utashindwa." Akaongeza kwamba nyumbani kwao wanabebea maji kwa baiskeli, na mlimani anashuka anasukuma.

Alikuwa anajua siku zote. Kilichomshinda ni lugha ya swali, na mimi kila nilipopandisha sauti nilikuwa nazungusha kushoto kikombe cha kulia. Baada ya kipindi nikamwomba radhi. Akasema, "Hamna shida, mwalimu," lakini nilimwona usoni kwamba ile siku ya kusimama hakuisahau.

Wenzangu wa Elimu, nimeliandika hili kwa sababu tunafundishwa njia nyingi za kufundisha, na nyingi ni nzuri. Ila mwanafunzi akigoma, kabla ya kuongeza bomba kwenye spana, uliza kwanza nyuzi zinazunguka upande gani.

Kwa anayetaka kuanza, Jumamosi asubuhi huwa niko nje ya geti kwa mzee, namsaidia kuziba pancha na yeye ananifundisha kunyoosha rimu. Bado rimu zinanishinda. Njoo na sumaku, uzi na tepu, twende mjini pamoja. Na tafadhali, ukifika dukani usiseme "naomba la 26."